Nimevaa Kijani Kuanzia Kofia Hadi Soksi, Mama Mkwe Bado Amenuna

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie maana nyumba yangu haikaliki, nilisoma kwenye simu kwamba kila rangi ina hisia zake, bluu ya anga inatuliza, njano ya jua inachangamsha, nyekundu inaamsha mapenzi, na kwa kuwa mke wangu Leonia siku hizi alikuwa amepoa kidogo, nikasubiri aende Machame kumchukua mama yake aje kututembelea, nikapaka sebule nzima nyekundu, kuta, dari, mpaka stuli, wakaingia, na kabla hawajakaa jirani yetu Vedastus akachungulia dirishani akaomba nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa. Mama mkwe akasema, "Mwanangu halali buchani," akaondoka naye.

Basi nikasoma tena kwamba kijani ni rangi ya amani kwa sababu ya majani, nami Mchaga najua isale ndilo jani la kuombea msamaha, ila nikaona jani moja ni dogo kwa kosa langu, nikavaa kijani kuanzia kofia hadi soksi nikaenda kusimama getini kwa mama mkwe, ng'ombe wake akaanza kunitafuna shati, Leonia akacheka nikapata matumaini, lakini mama akasema, "Hebu niondoleeni huo mgomba mlangoni." Mshauri, nampenda mke wangu, chai ya peke yangu hainyweki. Je, nijaribu zambarau?

Sirili, Moshi

*

Marahaba, Sirili. Zambarau hapana. Weka brashi chini.

Pole kwa shati, lakini acha nikuseme. Hivi wewe, Mchaga mzima! Isale halipelekwi kwa sababu ya ukijani wake. Unalishika huku mdomo unasema umekosa. Wewe ulisimama pale kimya, umependeza, unasubiri soksi zikuombee msamaha. Mama wa watu akusamehe nini, kosa lenyewe hujalitaja?

Jumamosi panda Machame na nguo zako za kawaida. Shika isale, na tafadhali usilichume kwenye uzio wake. Mwamkie, kisha sema, "Mama, nimekosa, nimebadilisha nyumba ya mwanao bila kumwuliza." Atanuna kidogo, halafu atakuletea mtori. Kunywa wote.

Ukimaliza, mgeukie Leonia. Barua yako imejaa rangi, ya anga, ya jua, ya majani, na hiyo zambarau yako. Nimeisoma nikirudia, natafuta rangi anayoipenda mkeo, sijaiona. Muulize. Akisema nyeupe, nyamaza, paka nyeupe.