Mashine Haisomi Utepe

Chumba cha mitambo, ghorofa ya pili
Jumanne, 14 Mei

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Mgongo wako unaendeleaje, na wifi yangu hajambo? Sisi huku wazima wa mwili. Moyoni ndiko kuna kasheshe. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Zile rekodi za sauti ya Mama zimefutika. Zote!

Kazi yangu unaijua: naandika wasifu wa seva, yaani mashine ya aina gani ipewe kazi gani. Mashine ikichomekwa kwenye mtandao wetu, mfumo unailinganisha na wasifu. Ikifaa, unafuta diski zake na kuipakia programu mpya, bila kumuuliza mtu. Ijumaa niliona uvivu kuorodhesha namba za mashine kumi na mbili zilizokusudiwa. Niliandika tu: yoyote yenye diski mbili.

Sasa, ile kompyuta kuukuu uliyotuachia, yenye simulizi za marehemu Mama na, kwa bahati mbaya, diski mbili, nilikuwa nimeileta kazini ili nizinakili. Niliichomeka, nikaifunga utepe mwekundu. Hapa kwetu utepe mwekundu ni amri, hata bosi hagusi. Nikaenda zangu kunywa chai. Kumbe utepe husomwa na watu! Niliporudi, kioo kilikuwa kimeandika: seva ya kumi na tatu iko tayari. Jamani, nilikaa sakafuni.

Fundi wa diski, tunayemwita Daktari, amehangaika nayo siku tatu. Leo kanirudishia. "Dada, humu hamna kitu tena. Pole sana."

Mwaka mzima nilisema nitanakili kesho. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu kaja na mizigo yake.

Baba sijamwambia. Kila asubuhi ananiuliza kama nimemaliza, maana ana hamu ya kumsikia mkewe. Namdanganya, kisha nashindwa kumtazama usoni.

Nisalimie wifi na wale mapacha, Mungu awafunike kwa rehema zake. Nawe, Kaka, nakusihi: ile simu yako yenye kioo kilichopasuka usiibadilishe, usimpe mtu. Ule ujumbe wa Mama akikugombeza kwa kutompigia, niliokucheka kwa kuutunza, ndio pekee uliobaki na sauti yake. Nitumie. Nitamwambia Baba ukweli, kisha tutakaa naye tukusikilize ukigombezwa.

Mdogo wako akupendaye, unisamehe usinisamehe,
Chiriku