Kombe za Shimoni, Magamba ya Jinja

Namatala, Mbale,
Uganda.
Alhamisi, 14 Shaaban 1446
(13 Februari 2025)

Mpendwa shemeji yangu, Bi. Riziki binti Athumani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, nakuuliza hali yako na ya wote wa nyumba yako hapo Shimoni. Goti lako la kushoto lasemaje siku hizi? Na yule mbuzi wako aliyekula msala wa wageni, amekwisha kutubu? Sisi huku tu wazima. Jua ni kali, vumbi ni jingi, na mlima wenyewe hatuuoni kwa vumbi hilo. Twashukuru kwa yote.

Najua unalolitafuta katika karatasi hii kabla ya jingine lolote, nami sipendi kumchelewesha mwenye wasiwasi. Dada yako amekula. Amekula kwa mkono wake mwenyewe, hadi akashiba. Nilikwambia hivyo siku ya Jumatatu, lakini simu ilikatika mara tatu, na habari hii yastahili kusimuliwa kwa utaratibu wake.

Tangu homa ya matumbo ilipomwachia mwezi wa Desemba, Mwanatumu alikuwa amepona kwa maneno ya daktari, si kwa macho yangu. Daktari alisema, "Mzee, dawa nimemaliza. Iliyobaki ni sahani." Na sahani ndiyo iliyotushinda. Matoke aliyasukuma, wali aliusukuma, mchuzi wa kuku alionja kijiko kimoja kwa kuniridhisha tu. Bangili yake ya harusi ilianza kumtoka mkononi akitawadha, hata akaivua akaiweka ndani ya mkebe wa sindano. Nilimsomea, nikamwombea. Na mimi niliyewasomesha vijana habari za subira miaka yote hii, nikawa nahesabu matonge ya mke wangu kwa pembe ya jicho.

Alasiri moja nilimwuliza moyo wake unataka nini. Alijibu bila kunitazama, "Kombe za mama. Zile za kuoka." Kisha akageukia ukutani.

Unazijua kuliko mimi. Marehemu mama yenu Bi. Mwanaharusi, Mola amrehemu, aliutoa upishi ule wa kombe za baharini katika jiko la hoteli ya wageni alikofanya kazi, akaufikisha nyumbani akautia tui na pilipili mpaka wageni wenyewe wasingeutambua. Nami nilipokuwa mwanafunzi wa chuo hapo kwenu, sahani ya kwanza niliyopewa nyumbani kwa baba yenu ilikuwa hiyo. Nilidhani gamba nalo huliwa. Mwanatumu alicheka nyuma ya pazia, na kicheko hicho ndicho nilichokuja kukiposa.

Sasa naja kwenye kosa langu, nalo nalikiri kwa maandishi. Nilipokupigia simu kukuomba kombe, uliniuliza, "Nizifunge na magamba yake, shemeji?" Nami, kwa busara yangu ya mtu wa mlimani, nikakwambia utoe nyama tu, magamba uyatupe, mzigo uwe mwepesi. Ukasema, "Haya, Maalim. Wewe ndiye uliyesoma." Sikuielewa kejeli ile mpaka boksi lilipofika.

Joash, dereva wa basi, alilikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto, na barafu ilikuwa bado haijayeyuka yote. Kijana wetu Shakul, auzaye vinywaji baridi hapa Namatala, alinipa nafasi katika friza lake. Jirani yetu Topista, mjane mwema wa Kanisa Katoliki aliyekuwa akimwangalia mgonjwa nami nikiwa msikitini, alikuja kunisaidia. Nikavaa miwani, nikasoma maagizo yako niliyoyaandika nyuma ya kalenda. Katakata. Kaanga. Changanya. Kisha: jaza kila gamba.

Nilisoma mstari huo mara mbili. Chungu na sahani ya chakula kile ni kitu kimoja, nami nilikuwa nimeagiza kitupwe.

"Hajji, weka tu kwa sahani ya chuma," alisema Topista. "Tumbo itajua wapi?"

Nilikataa. Tumbo lisingejua, lakini Mwanatumu angejua, na nilichelea kwamba akikisukuma chakula hiki pia, sitakuwa na kingine cha kumpa.

Ndipo nikamkumbuka mkwe wetu Bogere, mume wa binti yetu Mastula, aliyeko Jinja. Ziwani kule wako kombe wadogo wa maji baridi, na pale Masese magamba yao hurundikwa kwa ajili ya wafugaji wa kuku. Nikampigia simu. "Hiyo ni kitu rahisi sana, mzee," akasema, na kesho yake gunia likafika. Nilimshukuru Mungu, nikalifungua. Lilikuwa unga. Kule Jinja aulizaye magamba ana kuku, na kwa hisani Bogere alihakikisha yamepondwa vizuri, mara mbili.

Topista alishika mwimo wa mlango ili asianguke kwa kicheko. "Sasa Hajji, mama atakula, ama atataga?"

Siku ya Jumamosi nilipanda gari mwenyewe hadi Jinja. Pale Masese nilimkuta mama mmoja aitwaye Nakisige, ameketi kati ya kinu na rundo la magamba lililomzidi kimo.

"Mzee, kuku zako ziko ngapi?" akaniuliza.

"Sina kuku," nikamjibu. "Nina mke."

Akauweka mchi chini. Nilimweleza yote, hata yale ya gunia la unga, maana nimejifunza kwamba aibu ikisemwa hupungua uzito. Hakucheka. Alipanda juu ya rundo akachagua gamba moja moja, akilitazama kwenye mwanga kama lina ufa, mpaka yakatimia thelathini. Akayafunga katika kanga yake kuukuu, akaniambia, "Enda mbio, bwana. Na kanga, huyo mama alete mwenyewe akipona." Namwombea kheri katika kila sala.

Jumapili Topista alirudi kutoka kanisani, akavua viatu vyake vya Misa, akaingia jikoni. Magamba tuliyasugua kwa majivu, tukayachemsha mara mbili na ndimu. Mimi nilikatakata kombe na vitunguu, nikakaanga kwa samli, nikatia kitunguu saumu, chenga za mkate wa jana zilizolowekwa katika maji ya kombe zenyewe, tui zito, kotmiri na pilipili. Tukaona vijazo havitoshi magamba yote. Topista akatoka, akarudi na bakuli la malewa, yale machipukizi ya mianzi yakaushwayo kwa moshi huku kwetu Bugisu, ameshayachemsha na kuyakatakata laini. Nilisita, kwa kuwa hayakuwamo katika maagizo yako. Kisha nikawaza kwamba dada yako ameula mlima huu miaka arobaini na mitatu, nao haujamdhuru. Tukayatia.

Magamba ya maji baridi ni membamba, Shemeji. Manne ya kwanza niliyaweka juu ya wavu wa jiko, yakapasuka kwa kishindo. "Yesu! Hajji, inapiga risasi!" Topista alikuwa ameshafika uani. Baada ya hapo tulitandika chumvi ya mawe ndani ya sufuria kubwa, tukayalaza magamba juu yake, tukafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko, kama mpikavyo mkate wa kumimina. Sikujua tena la kufanya ila kungoja na kuleta istighfari.

Harufu ilitangulia. Sauti ikatoka chumbani.

"Ni nani anayeunguza samli?"

"Ni mimi."

"Nilijua. Punguza moto wa chini."

Riziki, kwa miezi miwili mwanamke huyu hakuwa ameniamuru jambo lolote. Alikuwa akisema "ahsante" na "usijisumbue" kama mgeni katika nyumba yake. Nilipunguza moto wa chini nikiwa siyaoni makaa vizuri, na Topista, Mungu amlipe, akasema ni moshi.

Akaja mwenyewe, akishika ukuta, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa ndicho kiti kilichokuwa karibu. Nikampa la kwanza. Alilipuliza, akala. Akanyoosha mkono. Safari hii sikuhesabu kwa pembe ya jicho. Nilihesabu waziwazi, nikimtazama usoni. Alikula tisa. Kwenye la tatu alisema pilipili ni ya woga. Kwenye la tano aliuliza ni nini humu chenye ladha ya moshi, Topista akasema ni malewa, naye akasema, "Mama angeyapenda."

Alipomaliza la tisa aliligeuza gamba, akalisugua kwa kidole gumba.

"Nyama ni ya Shimoni," akasema. "Gamba hili si la kwetu."

Nikamweleza. Simu, boksi, kalenda, gunia la unga, mama wa Masese. Alianza kucheka nilipofika kwenye unga, na alicheka hadi akakohoa, kicheko kile kile cha nyuma ya pazia. Kisha akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio niuogopao:

"Maalim, wewe ndiye uliyemwambia Riziki ayatupe?"

"Mimi."

"Basi nipeleke nikayaokote."

Shemeji, wewe ulikuwapo nilipompa baba yenu ahadi. Niliahidi kumleta binti yake kwao kila mwaka. Miaka ya kwanza nilitimiza. Kisha zikaja shule za watoto, zikaja kazi za msikiti, na mara ya mwisho kukanyaga Shimoni ilikuwa tulipomzika mama, miaka kumi na mmoja iliyopita. Hakuninung'unikia hata siku moja, nami nikaudhani ukimya wake kuwa ni radhi. Sasa naona kwamba alipogeukia ukutani hakuwa akiomba chakula peke yake. Namwomba Mungu msamaha, nawe nakuomba unisamehe kwa niaba ya baba yenu.

Kwa hiyo tunakuja. Daktari ameruhusu, mradi tupumzike njiani Nairobi. Tutaondoka Jumatatu ya tarehe 24, Mola akipenda, ili mwezi wa Ramadhani utukute barazani kwako. Kabla ya hapo tutapitia Jinja, kwa sababu amesema kanga ya watu hairudishwi kwa mkono wa mwingine. Nami nina ombi moja tu: ikiwa magamba yale bado yako nyuma ya jiko lako, usimruhusu mtu kuyagusa, hata mbuzi. Dada yako ana kazi nayo.

Nisalimie sana mumeo Bwana Mwinyi, na wajukuu wote, na imamu wa msikiti wenu. Mastula na Bogere wanakuamkia. Bogere anaona haya bado, nami namwambia kuku wa mtaa mzima wanamshukuru. Topista naye anakusalimu, anauliza kama huko pwani malewa yanapatikana, au abebe.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe afya ya goti na ya moyo, na atukutanishe tukiwa hai, na sahani i mbele yetu. Barua hii inakuja kwa mkono wa Joash.

Ni mimi, shemeji yako akupendaye kwa haki ya Mola,

Muzamiru Wakoko

Nilipokuwa nikikunja karatasi, dada yako aliisoma yote, akaniagiza niongeze haya kama alivyoyatamka: "Mwambie Riziki pilipili nitatia mimi. Na bangili nimeivaa, lakini bado inacheza, azidishe kombe."