Neno Nililomwambia Sista

Mpendwa Yeyo, mama mkwe wangu,

Hukujua kusoma, na huko uliko sijui kama kuna wa kukusomea. Lakini jambo hili nimeshindwa kulisema kwa mdomo miaka kumi na moja. Hata siku tuliyokuzika Mashuuru nilipewa nafasi niongee kama mke wa mwanao, nikasema ulikuwa mama mkarimu, watu wakasema amina, nikakaa chini.

Lemayian wetu alizaliwa wiki ya thelathini ya mimba, gramu elfu moja na mia moja. Siku ya tano alikuwa ameshuka hadi mia tisa na themanini. Unajua nilivyokuwa. Nilitoka Machakos na debe moja la maharagwe, nikauza kwa kikombe kando ya barabara ya Noonkopir mpaka nikapata duka langu la nafaka, na hakuna aliyenishika mkono. Kilichoniinua ni mizani. Kitu nisichokipima sikukiamini.

Ulikuja hospitali kule Kajiado na kibuyu cha maziwa. Sista akakizuia mlangoni, akakwambia mtoto hanywi ila matone ya maziwa ya mama, tena kwa mrija wa puani. Uliyanywa mwenyewe palepale kwenye benchi, ukasema safari haijaharibika. Basi ukakaa. Siku arobaini na sita, Yeyo, na ng'ombe ukawaachia watu. Tulipofundishwa kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, ulivua shanga zako zote zisije zikamkwaruza. Sikuwahi kuiona shingo yako bila shanga, si kabla wala baada ya hapo. Mimi nikichoka, wewe unampokea, na vidole vyake vinarudi rangi haraka kuliko vikiwa kwangu. Hilo nalo nilikuwa nimeliona, likaniuma kidogo.

Kila asubuhi sista akimpima, naandika kwenye karatasi ya unga. Wewe unageuza uso, unaniita mwanangu kwa Kimaasai.

"Nakerai, mtoto hahesabiwi. Kwetu hata ng'ombe hatuhesabu."

"Sasa mtajuaje mmoja amepotea?"

"Tunawajua sura. Wewe iko siku utapima hata Mungu kilo."

Wamama wa vitanda vya jirani wakacheka, nami nikacheka. Zilikuwa siku nzuri zile, nilikuwa sijui tu.

Tukaruhusiwa kwenda nyumbani kwangu, nawe ukaja nasi, mtoto akiwa na gramu elfu moja na mia nane. Sista alisema mambo mawili: mtoto akae na joto, na tumlete kliniki apimwe mara moja kwa wiki. Mara moja kwa wiki. Mimi niliyekuwa nampimia hata mtoto wa shule aliyetumwa sukari dukani bila kukosea gramu, ningengojaje siku saba? Ilikuwa Julai, unakumbuka ule upepo wa Kitengela unaoingia hadi ndani ya mifupa. Nikawa namshusha dukani kila asubuhi, namvua nguo zote kwa sababu nguo zake zilikuwa gramu mia moja na hamsini na nilitaka uzito wake yeye, namlaza kwenye sinia ya mizani ya vyuma juu ya taulo. Ulisimama nyuma yangu na shuka wazi mikononi, unangoja nikurudishie.

Siku ya tisa nyumbani hakuwa ameongeza kitu. Nikampima tena saa sita. Nikampima tena saa kumi.

"Nakerai, inatosha. Amekuwa baridi."

Nilikujibu vibaya. Nilisema kama kutohesabu kungekuwa na faida, ng'ombe wako wasingekuwa wanakwisha. Ulimfunika ukatoka naye.

Siku ya kumi na mbili alianza kuvuta pumzi kwa mbavu, midomo ya kijivu. Tukarudi Kajiado na Parsaloi, mwanao, akibeba mfuko. Sista yule yule akamwekea oksijeni, akaniuliza bila ukali, "Mtoto amepigwa na baridi. Nani amekuwa akimvua nguo?"

Nikasema, "Nyanya yake. Anapenda kumfungua wageni wamwone."

Ulikuwa umesimama mlangoni. Kiswahili chako kilitosha kulielewa neno hilo. Parsaloi aligeuka akakutazama. Wewe ukanitazama mimi, mara moja tu, kisha ukainamisha kichwa.

"Ni mimi, sista," ukasema.

Aliishi siku tatu zaidi. Sitini na moja zote pamoja.

Nitakwambia ukweli, Yeyo: nilikukasirikia. Nilikuwa tayari ukatae. Ungesema "huyu mwanamke anaongopa," ningelia, tungegombana, yangeisha. Wewe ukanibebea bila kuulizwa, ukaniacha na mzigo usioweza kutuliwa mahali. Nilidhani unanisubiri niseme. Sasa naona pengine hukuwa unasubiri chochote. Uliona mama ambaye mtoto wake anakufa, ukaona lawama hiyo ingeniua, ukaichukua.

Lakini ulijua ingekugharimu nini? Wasichana wetu wawili walipozaliwa, Parsaloi alisema, "Mama asiwashike mpaka watimize mwaka." Nilikuwa jikoni. Nilisikia, nikaendelea kukoroga chai. Ulikuja kutoka Mashuuru ukawaangalia kutoka kiti cha pili, mikono juu ya magoti, ukasema ni wazuri. Baada yao hakuja mtoto mwingine. Kwa hiyo hukumlaza mjukuu mwingine kifuani. Nilikutilia sukari nyingi kwenye chai. Hicho ndicho nilichokufanyia.

Jumapili baada ya kanisa nilimwambia Parsaloi. Yote: taulo, saa sita, saa kumi, neno langu kwa sista. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Yeyo alijua unadanganya?"

"Alijua. Yeye ndiye alikuwa akinikataza."

Alichukua koti akatoka. Jana dada yake alinipigia simu kutoka Mashuuru, akasema yuko huko, amekaa pale ulipolazwa tangu asubuhi na amekataa chakula. Mimi sijui kama atarudi kwangu, wala siombi unisaidie kwa hilo. Lakini yeye mpokee. Alikunyima watoto wake kwa kumwamini mke wake, na hana kosa lingine.

Nimeirudisha lawama mahali pake, Yeyo, kwangu. Pumzika.

Mimi mke wa mwanao,
Mama Lemayian