Moto Kushika, Moto Kuchoma

Jumatano, Sumbawanga

Nimechoka, na aibu bado haijaisha. Mzungu wa mradi wa miti aliuliza kitalu kiliunguaje. Mzee Sikazwe, mlinzi wetu, akaniambia, "Mwanangu, mwambie nyasi zilishika moto, upepo ukauleta." Mimi nikatafsiri kwa "set fire". Mzungu akamfukuza kazi palepale.

Mchana nikafungua daftari langu la Kiingereza. "Catch fire" ni kitu kushika moto. "Set fire" ni mtu kukichoma; yaani nilimwambia Mzungu kwamba mzee ndiye aliyechoma. Nikarudi mbio ofisini, nikakiri kosa. Mzee amerudishwa kazini.

Nilimpa shikamoo, nikamwomba radhi.

"Marahaba. Moto wa nyasi niliuona ukija," akasema. "Wako sikuuona."

Kesho natafsiri tena. Naogopa.