Hodi ya Slaidi Namba Arobaini na Mbili

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipoinamia hadubini yako na usiinuke tena. Wenzako kazini walidhani umezama kwenye kazi kama kawaida yako, wakakupita kwa kunyata wasikusumbue. Hilo bado linatuuma.

Ulikuwa mtu wa vitu vidogo. Ostrakodi wako, hao jamaa wa kamba wa baharini, wanaoishi katikati ya magamba mawili na wasiofikia hata punje ya mchele, tuliwajua kabla hatujajua kuhesabu. Ulichekecha tope la ziwa lililokauka zamani za kale, ukaokota visukuku vyao kimoja kimoja kwa ncha ya brashi uliyoilamba. Mama alikuonya kwamba iko siku utameza kimoja. "Nikimeza nitakwambia ladha yake," ukamjibu. Binti yako, fundi cherehani, naye hulamba uzi kabla ya kutunga sindano, na ulipenda kusema kazi zenu ni moja. Yeye ndiye aliyehangaika kwa ajili yako mwaka huu, nasi tunataka ujue.

Mwezi wa pili baada ya kukuzika, alipigiwa simu na mhariri wa jarida lenu, lile linalotoka mara moja kwa mwaka na habari za watafiti wa visukuku vidogo: nani amekwenda ziwa gani, nani amestaafu, nani ametangulia. Tanzia yako ilikuwa tayari, ukurasa mzima. Lakini chini yake kulikuwa na aya nyingine, ya yule mtafiti uliyembandika jina la Bwana Ushahidi. Alikuja kumkagua ostrakodi wako mpya, yule uliyempa jina la Mama, ambaye umetuachia kielelezo kimoja tu duniani. Akakuta slaidi tupu. Akaandika kwamba kielelezo hakipo, na kwamba ni haki kuuliza kama kiliwahi kuwepo.

"Jarida linakwenda mitamboni Jumatatu," mhariri alisema kwa upole. "Dada yangu, kama kuna chochote nyumbani, tuletee."

Kukuita mwongo, tena chini ya tanzia yako! Binti alipekua makabati yako mpaka vidole vikaota vumbi. Hakupata kitu. Mama alimtazama akasema, "Nenda kawaone, mwanangu. Baba yako alikuwa mbishi, sikatai, lakini uongo ulimshinda. Miaka thelathini na minne hajawahi kunisifia mboga iliyozidi chumvi."

Ijumaa asubuhi walikuwa watatu kwenye chumba cha sampuli: mhariri, Bwana Ushahidi na binti yako. Droo ya saba ikavutwa, slaidi namba arobaini na mbili ikatolewa. Unaijua wewe: karatasi ngumu yenye kishimo cheusi katikati, kioo juu yake, na fremu ya bati ya kuvishika pamoja. Bwana Ushahidi alikipangusa kioo kwa kitambaa kikavu, akarudia, akarudia tena, kisha akamkaribisha binti kwenye hadubini. Aliona weusi mtupu.

"Pole sana," Bwana Ushahidi alisema. "Tulikuwa tunamtania na ile brashi yake. Labda kweli alimmeza."

Akaichukua slaidi kutoka chini ya hadubini.

"Nafungua kioo tuhakikishe, yaishe." Akaweka kidole gumba kwenye ukingo.

"Subiri!" Binti alipaza sauti mpaka mhariri akashtuka. "Hujapiga hodi."

"Nini?"

"Baba hafungui slaidi kabla ya kupiga hodi."

Tulikucheka sana kwa hilo, Baba. Kila slaidi uliipulizia pumzi ya moto, ukagonga kioo kwa ukucha mara tatu, ukasema "Hodi," halafu ukajijibu mwenyewe, "Karibu." Tulidhani ni vituko vyako tu. Na sasa kituko hicho ndicho pekee alichobaki nacho binti yako cha kukutetea. Akaipokea slaidi. Akapuliza. Akagonga moja, akagonga mbili. Akasita, maana baada ya ya tatu hakuwa na jambo jingine la kujaribu. Akagonga.

Bwana Ushahidi akainamia hadubini. Akaisogeza slaidi kidogo kidogo.

"Yupo," akasema. "Alikuwa amenata kwenye kioo, huku pembeni chini ya bati; pumzi na kugonga kwako vimemdondosha kishimoni. Mimi na kitambaa changu ndio tuliomng'ang'aniza, kama nguo ya nailoni inavyonata mwilini. Ningefungua angetoka na kioo, angeanguka sakafuni, tusingemwona tena." Akavua miwani. "Mzee, nisamehe," akasema, na hakuwa akimwambia yeyote aliyekuwemo chumbani.

Binti alipiga simu nyumbani. "Mama, upo."

"Nipo wapi?"

"Kwenye slaidi. Na magamba yako yote mawili."

Mama alicheka, akalia, kisha akakugombeza kwa sauti kana kwamba uko jikoni: kwa nini hukumwambia mtu hodi ile ilikuwa ya nini? Tunakuuliza na sisi. Kidogo tu tukupoteze mara ya pili.

Jarida lilitoka na tanzia yako peke yake. Kwenye droo ya saba mhariri amebandika karatasi: "Piga hodi kwanza."

Wanaokukumbuka ni mkeo, binti yako fundi cherehani, wanao wa kiume, fundi umeme na mwalimu, mkweo, wajukuu wako wanne, dada yako, na wenzako wa jarida, akiwemo Bwana Ushahidi, ambaye ameomba mwenyewe awekwe.

Leo asubuhi Mama alisimama kwenye mlango wa chumba chako cha kazi, akagonga mara tatu. "Hodi," akasema. Akasubiri. Kisha akajijibu, "Karibu," akaingia kufagia.

Hakuna siku utakayotutoka moyoni, Baba.