Tundu la Kupumulia

Kwa dada yangu mpenzi Entin,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Jeddah, na kwamba mabosi wako wanakuachia angalau usingizi. Sisi huku tunapumua, zaidi ya hapo siwezi kusema. Mwanao Resti hajambo. Ameng'oka meno mawili ya mbele, na akicheka anaziba mdomo kwa mkono kama bibi harusi. Mvua imezidi, mpunga umelala chini, na karakana yetu bado imefungwa.

Najua utashangaa kuletewa barua siku hizi za simu. Nimempa Bi Kokom anayesafiri kuja huko aitie kwenye begi lake pamoja na kaki za opak na pilipili ya kusaga ulizoagiza, kwa sababu kila ninapokupigia na kulitaja jina la Baba unanikatia. Hii ukitaka utaichana, lakini nakusihi uisome kwanza hadi mwisho.

Mara ya mwisho uliniambia kwamba Baba ametuvua nguo mbele za watu. Ukasema mtu aliyetupiga makofi utotoni kwa kusahau chembe moja ya vumbi hana udhuru wa kumuua Mang Warsa kwa uzembe. Hata mimi nilikuwa na hasira hizo hizo. Lakini wewe hukuwapo, Dada, na uliyoyajua uliyasikia kwa mumeo Oman. Ngoja nikusimulie niliyoyaona mimi.

Mang Warsa unamkumbuka, na mizaha yake. Alikuwa akiingia karakana lazima amwite Baba Profesa wa Upepo, na mimi aniulize harusi yangu na mashine ya kukerezea ni lini. Bunduki yake ya upepo aliipenda kuliko pikipiki yake, kwa kuwa nguruwe walikuwa wakimmalizia viazi vyake kule mlimani. Asubuhi ile alikuwa shambani peke yake, ameshajaza upepo, ameweka bunduki magotini. Kizibo cha nyuma cha chumba cha upepo kikachomoka kikampiga shingoni. Mkewe alimkuta pale pale, chupa ya kahawa haijafunguliwa.

Baada ya maziko, mkuu wa kijiji na askari wawili walileta vipande vya bunduki ndani ya gunia la mchele, wakavimwaga juu ya meza ya Baba. Hapa kwetu, unavyojua, mtutu unatoka nyumba hii, kitako nyumba ile, kizibo nyumba nyingine, na kila fundi anagonga alama yake ili ajibu kwa kazi yake. Regulata, kile kifaa kinachopunguza nguvu ya upepo unaotoka mtungini, ilikuwa na alama ya Baba, ule unyayo wa jogoo. Wakamwambia aifungue mbele yao, aeleze.

Nilimwona Baba ana matumaini, Dada. Aliifungua polepole vile vile alivyotufundisha. Akavitazama visahani vya springi kimoja kimoja, vimepangwa sawa, mdomo kwa mdomo na mgongo kwa mgongo. Akasema vizuri hivyo. Akapitisha ukucha kwenye kiti cha plastiki, hakina mkwaruzo. Akatafuta uchafu, hakuna. Akaichomoa oringi, ile pete ya mpira ya pistoni, imechanika upande mmoja, akasema sawa, hii imechoka, lakini oringi iliyochoka haiui mtu, itapiga mluzi tu kwenye tundu la kupumulia mpaka mwenye bunduki achoke na kuirudisha. Askari akamuuliza tundu gani. Baba akaigeuza regulata, akasugua ubavu wake kwa kitambaa ili amwonyeshe.

Akasugua tena. Halafu akaacha kusugua.

Tundu lilikuwa limezibwa. Tundu lile lile ambalo wewe na mimi tuliimbishwa kabla hatujajua kusoma: lisizibwe hata kwa nta, kwa maana likilia linakwambia oringi imekufa, na ukilinyamazisha upepo unajaa nyuma ya pistoni, pistoni haifungi tena, na nguvu yote ya mtungi inapita moja kwa moja mbele hadi chumba cha upepo na kuchomoa kizibo. Mkuu wa kijiji akauliza vipi Mzee Sukatma, umeona nini. Baba aliweka kidole gumba juu ya tundu. Kisha akasema, "Ni mimi. Lilikuwa linapiga kelele, nikaliziba."

Hakusema lingine, wala siku alipohukumiwa kifungo. Mjane wa Warsa alisimama mahakamani akamwambia, "Profesa, mume wangu alikuamini!" Baba akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze. Watu waliokuwa wakimsalimia kwa kuinama sasa wanavuka barabara wakiniona. Mwezi mzima sikwenda gerezani kumtazama.

Dada, kaa chini sasa.

Nilikwenda karakana kufagia. Kwenye meza anayofanyia kazi Oman nilikuta kichupa cha supaglu, mdomo wake mweusi kwa majivu ya sigara. Unajua hapa kwetu tunavyoziba ndoo na kandambili, tone la gundi na majivu juu yake, inakuwa jiwe. Nikakumbuka rangi ya kile kilichoziba tundu. Kilikuwa cha kijivu. Baba hajavuta sigara tangu tumzike Mama, na ukiingia na majivu karakanani anakufukuza. Mimi sivuti. Anayevuta ni mmoja tu.

Nilimwendea Baba gerezani nikamwambia nimeiona gundi. Aliniambia nifunge mdomo. Nikalia mbele ya watu, ndipo akanieleza. Warsa alikuja siku Baba alipokwenda harusini, akamshikilia Oman kwamba bunduki inapiga mluzi inafukuza nguruwe, na anaitaka leo leo. Oringi mpya hazikuwapo. Oman akaliziba ili kumridhisha, akisema ataifungua zikifika, kisha akasahau. Alikwenda mahabusu kumwangukia Baba miguuni, anataka kujisalimisha. Baba akamkatalia. Alisema mama yake Resti yuko ng'ambo, na baba naye akiondolewa, mtoto atabaki na nani? Yeye ameshazeeka, na alama ni yake. Akaniapisha kwa Mungu kwamba wewe hutajua, maana ukijua utarudi, au utamwacha mumeo, na mtoto ataumia vile vile.

Leo nimekivunja kiapo hicho, na nitafunga siku zangu tatu za kafara. Nimekivunja kwa sababu Baba anaumwa. Miguu imevimba, pumzi inamkata akipanda ngazi mbili. Daktari wa gereza ameniambia moyo umechoka na nisitegemee mwaka. Tumeomba atolewe, wamekataa. Sina matumaini tena, Dada, sitakudanganya. Oman ninakula naye sahani moja. Kumchukia nimejaribu, nimeshindwa. Kumsamehe pia nimeshindwa.

Zile simu unazozikata za namba usiyoijua ni za Baba. Kila Alhamisi anapanga foleni ya simu gerezani, anakupigia, unasikia sauti yake unakata, naye anarudi anawaambia wafungwa wenzake kwamba mtandao wa Saudia ni mbovu sana. Wenzake wanajua. Walioniambia ni wao.

Sikuombi uhukumu wala usamehe mtu. Nakuomba kitu kimoja. Alhamisi simu ikilia, pokea. Usimwambie kwamba unajua, maana siri hiyo ndiyo aliyobaki nayo, na ukimnyang'anya atakufa mikono mitupu. Mwulize tu amekula nini. Hata akikudanganya kwamba wamepewa samaki, mwache aseme.

Resti anakusalimu na anataka kandambili zinazowaka taa. Shangazi anakusalimu. Barua hii ukishaisoma ichome, Oman asije akaikuta siku utakayorudi.

Wasalaam.
Ni mimi mdogo wako,
Yayat

Huku ni baada ya adhuhuri Baba anapopiga. Huko itakuwa bado asubuhi. Usiwe mbali na simu.