Kichwa ya Makayabu

Mama Ngalula, mwana yangu,

Nakuita mama juu ulibeba jina ya mama yangu, na kufa kwako hakukuondoa ile jina. Sikia basi. Mutoto yako Kapinga amemaliza sekondari, amepata diploma ya Leta. Usifurahi mbio. Anataka kusoma bahari. Bahari, mama. Hapa Kolwezi, penye bantu banachimba kobalti mpaka chini ya nyumba zao, yeye anataka kujua samaki ya chumvi inalala wapi.

Kaka yako alikasirika. Asome jeoloji, anasema, kwa mine, kwa kampuni za kuchimba, kazi haikosi. Mi, bibi yake, nikamuuliza binti mbele ya wote: "Nani atakulipa kuangalia samaki?" Akajibu bila kushusha macho, sawa weye kabisa. Eti kuna bantu banapima maji, banafuga samaki, banafundisha. Eti hata mine, siku moja, itatafuta mutu wa kueleza juu ya nini samaki inakufa mutoni.

"Kazi ni kidogo, Nkambo, lakini iko."

Hakunidanganya, walau hilo.

Nilienda sokoni Manika, nikakaa nyuma ya makayabu yangu, ile samaki kavu ya chumvi ninauza. Unakumbuka, ulikuwa mudogo, unaiosha chumvi, ukaniuliza kichwa yake iko wapi? Nikakuambia samaki ya bahari haina kichwa. Si njo vile inatoka mu karton, imepasuliwa, bapa, nyeupe? Mutoto yako aliposikia hiyo, alicheka mpaka akakaa chini. Bila adabu.

Jua likanisinzisha. Maji ikapanda polepole kati ya meza, bila kelele, na makayabu zikajikunjua, zikaogelea juu ya pikipiki za taxi-moto. Weye ulikuwa pale. Gauni yako ya bluu haikulowa. Ulizifuata, unatafuta vichwa. Sikukuita. Niliogopa utageuka, halafu uende.

Nilirudi nyumbani, nikachukua pemba, ile udongo nyeupe ya baraka. Unajua kwetu binti hapandi bisi ya safari kama nkambo yake hajamupaka pemba kwa paji na kumupulizia maji kifuani. Kaka yako alingoja nikatae. Nilimupaka. Na mu maji nikatia chumvi kidogo, aizoee.

Ameenda Dar, kusoma ile bahari yake. Nikiita Kapinga, ni kuku tu inanijibu.

Lala, mama. Nilimuagiza kitu moja: kichwa ya makayabu. Akiileta, nitaibeba mpaka pa kaburi yako, tuiangalie macho sisi wawili. Mpaka ile siku, mi nabaki na neno yangu: haina kichwa.